Ndoto Tatu za Mlimani: Dante na Swali la Mtu Aliyeota

Tarehe 17 Julai 2024 Papa Fransisko aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni alikusudia kuwaandikia wanaojiandaa kwa upadre, halafu akaona kwamba jambo lenyewe linawahusu Wakristo wote. Ni barua rahisi kuikubali na ngumu kuitekeleza. Frateri wa falsafa ana mitihani ya mantiki, metafizikia na historia ya falsafa. Ushairi anauweka kando kama kitu cha kusoma likizo, tena akipata nafasi.

Makala haya yanajaribu kuonyesha, kwa mfano mmoja, kwamba mshairi anaweza kumfundisha frateri jambo ambalo mantiki peke yake haimfundishi. Ushairi wenyewe ni ule wa njozi: mshairi anaota au anaona maono, anayaona kwa mafumbo na sitiari, na safari anayoisimulia ni safari ya ndani ya nafsi. Mfano wetu ni Divina Commedia ya Dante Alighieri. Kitabu ni kikubwa, kwa hiyo tutakaa hasa kwenye sehemu yake ya pili, Toharani, na humo kwenye ndoto tatu, zilizomo katika wimbo wa 9, wa 19 na wa 27.

Sababu ya kuchagua ndoto hizo si ya kifasihi tu. Padre wa parokia zetu hupokea watu walioota. Mama anabisha hodi sakristia asubuhi: marehemu baba yake amemjia usiku, anaomba misa. Kijana anasema ameota amevaa alba anatumikia altareni, basi ana wito. Na mwingine, huyu ndiye wa kuogopwa, anasema ameota jirani yake anamkaba shingo, basi sasa amemjua mchawi wake. Wote watatu wanauliza swali moja: Padre, ndoto hii ni ya kweli? Dante, ambaye aliziheshimu ndoto kuliko wengi wetu, hakuridhika na swali hilo. Tutaona alivyoligeuza.

Mtu na shairi lake

Dante alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1265. Aliingia katika siasa za mji wake, na mwaka 1302, upande wake uliposhindwa, alihukumiwa uhamisho, kisha akahukumiwa kuchomwa moto iwapo angekamatwa. Hakurudi tena kwao. Alifia Ravenna mwezi Septemba 1321, akiwa amekamilisha shairi lenye nyimbo 100 na mistari 14,233: nyimbo 34 za Motoni, 33 za Toharani, na 33 za Paradiso. Yeye aliliita Commedia tu. Neno Divina liliongezwa na waliokuja baadaye. Mapapa wamelisifu mara nyingi. Benedikto XV alitoa waraka mzima juu ya Dante mwaka 1921, Paulo VI aliandika juu yake mwaka 1965, na Papa Fransisko tarehe 25 Machi 2021.

Hadithi yenyewe inatokea katika Juma Kuu la mwaka 1300. Mtu wa makamo amepotea katika msitu wa giza. Anasema mwenyewe kwamba hajui vizuri aliingiaje humo, kwa kuwa alikuwa amejaa usingizi wakati alipoiacha njia ya kweli. Virgil, mshairi wa Kirumi aliyekufa kabla ya Kristo, anatumwa kumwongoza. Wanashuka Motoni jioni ya Ijumaa Kuu, wanatokea upande wa pili wa dunia alfajiri ya Pasaka, chini ya mlima wa Toharani. Juu ya mlima Virgil atamwachia Beatrice, mwanamke wa Florence aliyefariki mwaka 1290, ambaye Dante alimpenda tangu utotoni.

Ushairi wa kuisemesha nafsi si mgeni kwetu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate, na Euphrase Kezilahabi, aliyesoma Seminari ya Nyegezi, aliandika Nagona (1990) kwa namna ya njozi hata msomaji asijue ni wapi ndoto inaanza. Tofauti ya Dante ni kwamba anaweka ndoto ndani ya safari, tena anazihesabu, kana kwamba anataka tuzichunguze moja moja.

Je, ndoto ya mshairi yaweza kusema kweli?

Mwanafalsafa anasita hapa, na ana haki ya kusita. Plato katika kitabu cha 10 cha Jamhuri anawafukuza washairi mjini kwa sababu wanaiga kivuli cha kivuli, na hivyo wako mbali na kweli. Wanafunzi wengi hukariri hoja hiyo kwa mtihani na kusahau kwamba kitabu hichohicho kinaishia kwa hadithi ya Er, askari aliyekufa vitani, akazinduka siku ya kumi na mbili akiwa juu ya kuni za kuchomea maiti, akasimulia aliyoyaona ng'ambo. Plato amemtoa mshairi kwa mlango wa mbele na kumwingiza kwa mlango wa uani. Naona hakuwa anajipinga. Alikuwa amefika mahali ambapo hoja zimekwisha na jambo lenyewe halijaisha.

Mtakatifu Thomas wa Akwino analitazama jambo hili kwa utulivu zaidi. Katika swali la kwanza la Summa Theologiae, kipengele cha 9, anauliza kama inafaa Maandiko Matakatifu kutumia sitiari. Anajibu kwamba inafaa, kwa sababu mwanadamu kwa maumbile yake huyafikia mambo ya akili kwa kupitia mambo ya hisi. Anaongeza jambo ambalo kwa kweli linashangaza: ni afadhali Mungu aelezwe kwa mifano ya vitu duni kuliko vitu vitukufu, maana hakuna atakayedhani kwamba Mungu ni jiwe au simba kweli, ila angeweza kudanganyika na mfano wa kitu cha fahari. Dante aliyajua mafundisho ya namna hii. Katika wimbo wa 4 wa Paradiso Beatrice anamweleza kwamba Maandiko humpa Mungu mikono na miguu kwa kuushukia uwezo wetu wa kuelewa.

Juu ya ndoto Thomas ana kipengele kizima: sehemu ya pili ya Sehemu ya Pili, swali la 95, kipengele cha 6. Anataja asili nne. Ndoto zinaweza kutoka ndani, ama katika yale tuliyoyawaza mchana ama katika hali ya mwili. Na zinaweza kutoka nje, ama katika mambo ya asili yanayotuzunguka ama katika roho, yaani Mungu kwa huduma ya malaika, au pepo wabaya. Kwa zile za mwili anasema hata waganga hufaa kuzitazama ili kujua hali ya mgonjwa.

Dante mwenyewe alikwisha kuambiwa hivyo, tena kwa kejeli. Alipokuwa kijana aliota ndoto ya Upendo akimlisha Beatrice moyo wa mshairi, akaandika shairi fupi na kuwatumia washairi wenzake wamfasirie. Mmoja wao, Dante da Maiano, alimjibu kwamba maradhi ndiyo yanayomsumbua, na kwamba hatabadili kauli mpaka mkojo wake uonyeshwe kwa tabibu. Ndoto hiyo imo mwanzoni mwa kitabu chake cha ujana, Vita Nuova, na humo Dante anasema kwamba wakati ule hakuna aliyeitambua maana yake ya kweli. Kwa hiyo mtu huyu alijua mapema kwamba mwenye ndoto anaweza kuwa nabii, na anaweza kuwa mgonjwa wa homa tu. Aliyaandika ya Toharani akiwa na tahadhari hiyo.

Sheria ya usiku

Mlima wa Toharani una kingo saba zinazouzunguka, na kila ukingo ni mahali pa kutakaswa mzizi mmoja wa dhambi: majivuno, kijicho, hasira, uvivu, uchoyo, ulafi na uzinzi. Mlima huo una sheria moja ambayo msomaji wa haraka huipita. Katika wimbo wa 7 Sordello, mshairi wa Mantova, anachora mstari ardhini kwa kidole na kusema: jua likishazama, hutauvuka hata mstari huu. Usiku unaweza kushuka au kuzungukazunguka, ila kupanda huwezi. Giza lenyewe linaifunga nia.

Katika Motoni hakuna sheria kama hiyo, maana huko hakuna jua. Katika Paradiso hakuna usiku. Toharani peke yake ndiko kuna mchana na usiku, kazi na usingizi, kama huku kwetu. Dante analala huko usiku mara tatu, na mara zote tatu anaota karibu na alfajiri, saa ambayo watu wa zamani waliamini ndoto zake ni za kweli, kwa kuwa roho imelegeza kamba zake na mwili. Miguu imekatazwa kupanda, lakini ndani kuna kitu kinaendelea.

Ndoto ya kwanza: tai

Usiku wa kwanza bado wako chini ya lango. Dante anasinzia majanini, kwa sababu, anasema, alikuwa bado na kile alichotuachia Adamu, yaani mwili unaochoka. Anaota tai mwenye manyoya ya dhahabu akielea juu yake. Tai anashuka kama radi, anamnyakua, anampandisha hadi kwenye moto, na wote wawili wanaungua. Joto la moto huo wa ndotoni linamwamsha. Anajikuta amepauka kwa hofu, jua limeshapanda, bonde alilolala halipo, na kando yake yupo Virgil peke yake.

Virgil anamtuliza na kumweleza. Kulipokuwa kunapambazuka alikuja mwanamke, akasema yeye ni Lusia (ndiye Mtakatifu Lusia wa Sirakusa, shahidi), akamchukua Dante akiwa usingizini, akampandisha na kumweka hapa, kisha kwa macho yake mazuri akaonyesha lango lilipo, akaenda pamoja na ule usingizi.

Tazameni jinsi Dante alivyounganisha mambo mawili. Kilichotokea kweli ni tendo la upole: mwanamke mtakatifu amembeba mtu aliyelala kama mama abebavyo mtoto. Katika ndoto tendo hilo limeonekana kama kunyakuliwa na kuunguzwa. Ndoto haikudanganya, kwa kuwa ni kweli alipandishwa. Lakini iliitafsiri neema katika lugha ya hofu, kwa sababu hofu ndiyo lugha aliyokuwa nayo mwotaji usiku huo. Thomas angesema kwamba chochote kinachopokelewa hupokelewa kwa kadiri ya yule anayepokea. Anayetisha katika ndoto si lazima awe adui.

Na Lusia amemfikisha wapi? Amemweka nje ya lango. Haingii naye. Mbele kuna ngazi tatu: ya kwanza marmari nyeupe inayong'aa hata mtu ajione ndani yake, ya pili jiwe jeusi lililopasuka, ya tatu jiwe jekundu kama damu. Wafafanuzi wengi wanaona hapo majuto, maungamo na malipizi. Dante anazipanda akiwa macho, anapiga magoti, anajipiga kifua mara tatu, anaomba afunguliwe. Malaika mlinzi anamchora kwa ncha ya upanga herufi P saba katika paji la uso, moja kwa kila mzizi wa dhambi, na kazi inaanza. Kijana aliyeota amevaa alba anastahili kuambiwa habari hii kwa heshima. Huenda kweli amebebwa usiku. Amebebwa hadi langoni.

Ndoto ya pili: mwanamke mwenye kigugumizi

Hii ndiyo ndoto ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote, na mahali ilipowekwa ni nusu ya maana yake. Wako kwenye ukingo wa nne, wa wavivu. Jua limezama, hakuna kupanda. Virgil anautumia muda huo kutoa somo la falsafa, na linachukua sehemu kubwa ya wimbo wa 17 na wa 18. Ni somo zuri kweli. Anaeleza kwamba upendo ndio mbegu ya kila tendo jema na kila tendo baya. Anaeleza jinsi akili inavyochukua picha kutoka katika kitu halisi na kuikunjua mbele ya nafsi, na nafsi ikiielekea, huko kuelekea ndiko kupenda. Anaonya kwamba si kila upendo ni mwema kwa kuwa tu ni upendo. Anamalizia kwa kusema kwamba ndani yetu kuna uwezo wa kushauri, uliowekwa kulinda kizingiti cha ridhaa, na kwamba huo ndio uhuru wetu. Mwanafunzi ameuliza maswali, amejibiwa, ameridhika. Halafu mawazo yanaanza kutangatanga, moja linazaa jingine, macho yanafumba, na wazo linageuka ndoto. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kipindi cha saa nane mchana baada ya ugali anamwelewa Dante hapo.

Anaota mwanamke. Ana kigugumizi, ana makengeza, miguu imepinda, mikono imekatika, rangi imepauka. Dante anamtazama. Na jinsi jua linavyovichangamsha viungo vilivyoganda kwa baridi ya usiku, ndivyo mtazamo wake unavyomfungua yule mwanamke ulimi, unavyomnyoosha mwili, unavyoupaka uso wake rangi ile upendo unayoitaka. Sasa anaimba, na anaimba vizuri hata Dante hawezi kugeuza macho. Anajitaja kuwa ndiye yule mwimbaji wa baharini anayewapoteza mabaharia. Hajamaliza, anatokea bibi mwingine, mtakatifu na mwepesi, anaita kwa ukali: Virgil, huyu ni nani? Virgil anakuja, macho yake hayamwachi yule bibi mwema, anamkamata mwimbaji, anampasua nguo na kulionyesha tumbo lake. Harufu inayotoka humo inamwamsha Dante. Virgil amesimama pembeni: nimekuita angalau mara tatu.

Somo lote la jioni limetokea tena usiku, na mwanafunzi amefeli. Aliambiwa kwamba picha hukunjuliwa ndani. Ndotoni ameikunjua mwenyewe na kuipaka rangi. Aliambiwa kuna mlinzi wa kizingiti; mlinzi amelala, ikabidi aitwe na mtu wa nje. Hapa Dante mshairi anasema jambo ambalo Virgil mwanafalsafa hakuweza kulisema kwa hoja: kwamba kujua jinsi tamaa inavyofanya kazi hakumzuii mtu kutamani. Wala hadharau falsafa. Virgil ndiye anayeipasua nguo, na bila yeye wimbo ungeendelea. Ila kuna sauti inayomwamsha Virgil mwenyewe, na Dante hamtaji bibi huyo kwa jina.

Turudi kwa yule aliyeota jirani anamkaba. Ndoto ya pili inatufundisha kuuliza rangi ya uso wa yule jirani ndotoni imetoka wapi. Ilikuwa yake, au ilipakwa na macho ya mwotaji: ugomvi wa mpaka wa shamba, mtoto aliyeugua wiki iliyopita, maneno yaliyosikika kilabuni? Katika jamii zetu kuna wazee, hasa akina mama wazee, waliopoteza nyumba na wengine maisha kwa sababu ya kushukiwa uchawi. Ndoto ikiletwa kama ushahidi juu ya mtu mwingine, padre akaitikia kwa kichwa tu bila kusema neno, atakuwa amesaidia kumpaka rangi. Katika ndoto tatu za Toharani hakuna hata moja inayomshtaki mtu mwingine. Zote zinamhusu mwenye kuota.

Ndoto iliyotimia

Ipo hata hivyo ndoto nyingine ya alfajiri katika Commedia inayomtaja adui kwa jina na cheo. Imo katika wimbo wa 33 wa Motoni, chini kabisa, kwenye barafu la wasaliti. Anayeisimulia ni Ugolino della Gherardesca, aliyekuwa mtawala wa Pisa, aliyefungwa mnarani akafa kwa njaa mwaka 1289 pamoja na wanawe wawili na wajukuu wawili. Dante anawaita wote wanawe. Katika barafu anatafuna fuvu la aliyemfunga, Ruggieri, Askofu Mkuu wa Pisa. (Ndiyo, askofu mkuu. Dante hakuwaonea haya wakleri, na sisi tunaojiandaa tusipite hapo haraka.)

Ugolino anasema aliota Ruggieri akiongoza msako mlimani, akimwinda mbwa mwitu na watoto wake. Baada ya mbio fupi baba na wana wakachoka, na meno ya mbwa wa msako yakawararua ubavuni. Akaamka kabla ya kupambazuka, akawasikia watoto wakilia usingizini wakiomba mkate. Saa ya chakula ilipofika, akasikia mlango wa chini unapigiliwa misumari.

Ukipima ndoto kwa kutimia kwake, hii imefaulu kuliko zote katika kitabu. Iliota saa yake, ikamtaja mhusika bila kukosea, ikatimia hadi mwisho. Na ilimfanya nini Ugolino? Anasema mwenyewe: aliwatazama wanawe usoni bila neno, hakulia, ndani aligeuka jiwe. Mtoto anamuuliza, Baba, una nini? Hajibu mchana ule wala usiku wake. Watoto wanampa miili yao wenyewe ale. Mmoja anafia miguuni pake akiuliza kwa nini baba hamsaidii. Anaanza kuwaita kwa majina wakiwa wameshakufa. Katika simulizi lote hamna sala hata moja, hamna neno la msamaha, na akishamaliza kusimulia anarudisha meno kwenye fuvu.

Hapo ndipo Dante anapoligeuza swali. Ndoto ya Ugolino ilikuwa ya kweli na ikamwacha jiwe. Ndoto ya yule mwimbaji ilikuwa uongo mtupu uliotungwa na macho ya mwotaji, na Virgil anaitumia kumwamsha: umemwona yule mchawi wa kale, umeona jinsi mtu anavyojifungua naye, hayo yatosha, piga visigino chini, inua macho. Wanaanza kupanda, jua likiwa mgongoni. Kwa mshairi huyu lenye uzito ni kile mtu anachokifanya asubuhi.

Kwa kipimo hicho yule mama wa sakristia ana kesi nyepesi. Roho nyingi za Toharani zinamwomba Dante awaambie jamaa zao wasali. Manfredi, mfalme, anaomba bintiye Costanza apelekewe habari. Forese anasema ni machozi na sala za mjane wake Nella vilivyompandisha haraka. Ikiwa baba alikuja kweli au ni kumbukumbu yake tu, mama ameamka na kwenda kuomba misa. Aombewe.

Ndoto ya tatu: Lea

Usiku wa mwisho wako juu sana. Dante amepita katika moto wa ukingo wa saba, na alipita kwa shida. Virgil alipomhakikishia kwamba moto huo hautamwua hakusogea, alipotaja jina la Beatrice akasogea. Sasa jua limezama wakiwa kwenye ngazi ya mawe. Kila mmoja anafanya kidato kuwa kitanda: Dante kama mbuzi, anasema, na Virgil pamoja na mshairi Statius kama wachungaji wake. Kwa upenyo mdogo wa mwamba anaziona nyota, kubwa na angavu kuliko kawaida yake.

Anaota msichana akitembea kondeni, akichuma maua na kuimba. Anajitambulisha bila kuulizwa: ni Lea, anajifumia taji ili ajipendeze mbele ya kioo. Dada yake Raheli haondoki mbele ya kioo chake, ameketi mchana kutwa. Yule anafurahia kuona, huyu anafurahia kutenda. Ndoto imekwisha.

Waalimu wa Kanisa, Mtakatifu Gregori Mkuu akiwa mmojawapo, waliwaona Lea na Raheli kama mfano wa maisha ya utendaji na maisha ya kutafakari, na Thomas ameupokea mfano huo. Kwa hiyo maana haina kificho. Kinachovutia ni vitu visivyokuwamo: hamna kunyakuliwa, hamna moto, hamna harufu, hamna wa kuitwa mara tatu. Lea hata haleti ujumbe. Anaendelea na maua yake. Ndoto ya kwanza ilifasiriwa na Virgil. Ya pili ilifasiriwa pia, baada ya Dante kutembea ameinama, ameshikwa na mawazo. Ya tatu haifasiriwi na mtu yeyote. Saa chache baadaye, katika bustani ya kilele cha mlima, Dante akiwa macho kabisa ataona ng'ambo ya kijito mwanamke anatembea peke yake, anaimba, anachuma maua. Jina lake Matelda. Aliyoyaota yamekuwa mchana.

Na siku hiyohiyo Virgil atamwambia asingoje tena neno lake wala ishara yake, kwa kuwa nia yake sasa ni huru, nyofu na nzima. Lakini kwanza kuna kuamka. Dante anafungua macho kwenye kidato chake cha mawe, giza linakimbia pande zote, na usingizi wake pamoja nalo. Anakuta waalimu wake wawili wameshaamka. Hakuna anayemuuliza ameota nini. Virgil anamwambia tu kwamba tunda lile tamu, ambalo wanadamu wanalihangaikia matawi mengi, leo litazituliza njaa zake. Hamu inamjia juu ya hamu, na kwa kila hatua anayoipanda anahisi mabawa yanamwota.